Gari Lilikwenda Hongo

"Msimpe huyo sahani ya sadaka!"

Sauti ilikuwa ya Mama Mektilda, na aliyesemwa alikuwa mwanawe wa kumzaa mwenyewe, Benjamini, mtu mzima mwenye mvi zake, ambaye tayari alikuwa ameshainuka na sahani mkononi. Jumuiya ilikuwa imekuja kusali kwao Jumamosi hiyo, Isevya, mjini Tabora. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima, na wimbo wa sadaka ulikuwa umeshaanzishwa. Wimbo ukakatika katikati. Mwenyekiti wa jumuiya akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Mama, ni Benja huyo," binti yake, Consolatha, akasema kwa sauti ya chini. "Mwanao."

"Nani kakwambia simjui? Si ndiye mwizi wa gari la baba yenu? Gari lilikwenda hongo, na leo anashika sahani ya Mungu. Mtazameni!"

Wakamtazama kweli. Jamani, watu wa sala wakiambiwa mtazameni, wanatazama. Benjamini akaiangalia ile sahani kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, kisha akatoka nayo nje bila kukumbuka kuiweka chini. Hakuna aliyemzuia. Alipofika kwenye karo la kuogea ndipo alipogundua kwamba bado ameishika, na kwamba ndani yake mna noti moja aliyokuwa ametangulia kuiweka yeye mwenyewe.

Kusahau kwa Mama Mektilda kulikuwa kwa ajabu. Alisahau kama amekula, akasahau jina la paroko, na siku nyingine alisahau hata kwamba mumewe ameshakufa. Jioni alikaa kwenye baraza na kuuliza Festo atarudi saa ngapi kutoka Sikonge, maana Festo alikuwa bwana nyuki, na kazi yake ilikuwa kuzunguka misituni kwenye mizinga ya watu. Lakini gari hakulisahau. Ile Pijo ya rangi ya maziwa, yenye gia ya kwenye usukani, aliiona mbele yake kila siku kuliko alivyowaona wanawe.

Habari yake ilikuwa fupi. Festo alifariki mwaka ule wa mvua kubwa, akazikwa kwao Puge, na siku ya mazishi gari likatoweka. Baadaye ikajulikana kwamba Benjamini, kijana wakati huo, alilihonga gari kwa mkubwa fulani ili apate kazi Mpanda. Ikajulikana vipi, hakuna aliyeuliza. Ilijulikana tu, namna mambo ya ukoo yanavyojulikana, na Benjamini akabaki huko Mpanda akichomelea mageti ya watu mpaka dada yake alipompigia simu mwaka jana na kumwambia arudi amsaidie kulea mama.

*

"Amekuaibisha," Consolatha alisema wageni walipokwisha kuondoka. Alikuwa akikusanya vikombe. Asubuhi aliuza chai na maandazi karibu na stendi, jioni alimwogesha mama, na katikati ya hayo mawili alikuwa na hasira na kila mtu. "Mimi ningekuwa wewe ningerudi Mpanda leo hii."

"Sirudi."

"Unangoja nini? Daktari kasema akili yake haitarudi, itazidi kwenda. Kesho na keshokutwa hata hilo jina la mwizi hatalikumbuka. Utapumzika."

Benjamini akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Ndilo ninaloogopa, Conso. Akiliacha jina hilo likiwa bado langu, atakwenda nalo. Mimi nataka aseme mara moja tu, kwa kinywa chake, kwamba sikuiba. Akishasema, asahau yote."

"Atasemaje? Kwa ushahidi gani?"

"Nitalitafuta gari."

Consolatha akacheka mpaka vikombe vikagongana. "Kaka yangu! Gari lile limeshayeyushwa, limekuwa masufuria. Huenda hii ninayochemshia chai ni mlango wake."

"Basi nitaileta hiyo sufuria nimwonyeshe."

Hakuwa anatania. Kuanzia siku ile Benjamini akawa mtu wa kutembea akiota. Alichomelea geti huku macho yako barabarani, na kila gari kuukuu lililopita lilimnyanyua. Alipolala mchana kidogo, alisikia ile gia ya usukani ikiingia, akasikia harufu ya nta na asali iliyokuwa imelowa kwenye viti, akaona mikono ya baba yake yenye alama za miiba ya nyuki. Aliamka moyo ukiwa mtamu, kisha akakumbuka. Alizunguka gereji za Tabora moja baada ya nyingine akiuliza Pijo ya zamani, rangi ya maziwa, na mafundi wakamfanya kichekesho.

"Mzee, Pijo hizo zimekwisha. Ya mwisho niliiona inafugiwa kuku."

"Uliiona wapi?"

"Ndotoni!" fundi akasema, na wenzake wakapigana mikono kwa kucheka. Benjamini akawashukuru na kuondoka. Iliuma, lakini yeye pia alikuwa akiiona ndotoni.

*

Mwisho akaona aanzie pale neno lilipoanzia. Akapanda basi kwenda Puge kwa baba yake mdogo, Ezekia, mdogo wake Festo, mtu ambaye Benjamini hakuwa amekanyaga uwanja wake tangu mazishi.

Ezekia alikuwa uani akibangua karanga za mbegu. Kando yake palikuwa na kiti cha pili, na juu ya kiti alikuwa ameweka shati lake.

"Mwangaluka, baba mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kwa habari ya shamba?"

"Hapana."

"Maana shamba limeshagawanywa."

"Sitaki shamba, baba mdogo."

"Haya." Mzee hakuliondoa shati. Benjamini akachuchumaa chini kama mtoto aliyetumwa.

"Nimekuja kuuliza jambo moja. Nani alikwambia kwamba nililihonga gari?"

"Mama yako."

"Alisema Benjamini amelihonga?"

Vidole vya Ezekia vikasimama kwenye karanga. Alikuwa mkali, na mchoyo pia, lakini mwongo hakuwa. "Hakusema hivyo. Nilimuuliza, shemeji, gari la kaka liko wapi? Akanijibu, gari limekwenda hongo. Nikamuuliza, hongo kwa nani? Akasema, Ugogo. Nikajua huyu ana uchungu, anachanganya maneno. Wiki ile ile nasikia wewe umepata kazi Mpanda. Mtoto hana cheti, hana mjomba serikalini, kapata kazi! Ungekuwa wewe ungefikirije?"

"Mpanda na Ugogo wapi na wapi?"

"Ndiyo maana nakwambia alikuwa anachanganya."

"Kwa hiyo hilo la Ugogo ukaliacha."

"Nikaliacha. Halikuwa na maana." Akabangua karanga moja, akaitupa kwenye ungo. "Na usinikodolee macho hivyo. Gari lile lilikuwa lije kwangu. Kaka akifa, gari la kaka linakwenda wapi? Nilikuwa na uchungu wangu na mimi."

Benjamini alitaka kumpiga. Tuseme ukweli, alitaka kuuinua ule ungo na kumvika nao. Ujana wake wote, harusi yake ambayo hakuna mtu wa upande wa baba aliyehudhuria, watoto wake wasiolijua kaburi la babu yao, vyote vilikwenda kwa sababu mtu mmoja alisikia maneno mawili akabeba moja. Akainuka, akaaga kwa adabu, akaenda barabarani kungoja basi.

Mabasi ya Nzega yalipita yamejaa, na jua likampiga utosini. Akawa analigeuza lile neno. Ugogo. Barabara iliyokuwa mbele yake ilikwenda Nzega, ikaenda Igunga, ikaenda Singida, kisha Ugogo wenyewe, mpaka pwani. Akamkumbuka bibi yake akisimulia kwamba babu zao waliifuata njia ya upande huo kwa miguu, mzigo kichwani, miezi na miezi, na kwamba Ugogo ndiko walikocheleweshwa. Walicheleweshwa na nini? Alikuwa mdogo, hakusikiliza. Halafu, katikati ya joto lile, akamwona mtu amelala ndani ya kaburi.

Alimwona waziwazi. Siku ya mazishi ya baba, kabla jeneza halijashushwa, mtu mrefu aliruka ndani ya kaburi, akajinyoosha humo, akasema hatoki mpaka alipwe, marehemu alikuwa na deni lake. Waombolezaji wakaangua kicheko huku machozi yanawatoka. Alikuwa mtani, Mgogo.

Benjamini akarudi mbio uani kwa Ezekia.

"Baba mdogo! Yule mtani aliyelala kaburini aliitwa nani?"

Kwa mara ya kwanza siku ile mzee akatabasamu. "Yoramu! Mgogo yule, mwehu kabisa. Alikuwa dereva wa malori ya pamba Igunga, yeye na kaka walikuwa chanda na pete. Tulimpa kanga na soda ndipo akatoka." Kisha tabasamu likamwishia taratibu, na akalitazama lile shati kwenye kiti. Akaliondoa. "Kaa, mwanangu. Unywe hata maji."

Lakini Benjamini alikuwa ameshaondoka.

*

Igunga hakuna aliyepata taabu kumwonyesha kwa Mzee Yoramu. Alikuwa amezeeka, mrefu bado, anasuka kamba ya kitanda kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake.

"Shikamoo mzee. Mimi naitwa Benjamini, mtoto wa marehemu Festo, bwana nyuki wa Tabora."

Mzee hakuitikia. Alimtazama toka kichwani mpaka viatuni. "Mzigo wako uko wapi?"

"Mzigo gani, mzee?"

"Tangu lini Mnyamwezi akapita kwangu bila mzigo kichwani? Umeutupa porini, mtumwa wangu?"

"Mzee wangu, naomba unisikilize. Nimekuja kwa unyenyekevu. Kuna gari la baba..."

"Simsikii huyu," Yoramu akaiambia kamba yake. "Anaongea kama karani wa mahakama."

Benjamini akajaribu tena. Akaeleza ugonjwa wa mama, akaeleza safari, akasema tafadhali, akasema samahani. Kila alipozidi kunyenyekea mzee alizidi kumgeuzia mgongo, na wajukuu wawili waliokuwa wakipeta mtama wakaanza kucheka chinichini. Alikuwa na njaa. Alikuwa amedharauliwa Isevya, akadharauliwa gereji, akadharauliwa Puge, na sasa huku. Uvumilivu ukamwisha.

"We mzee mla mlenda! Umelala kwenye kaburi la baba yangu ukanywa soda ya bure, leo unanigeuzia mgongo? Nitakufunga kwa hiyo kamba yako nikupeleke Tabora ukanibebee maji!"

Wale wajukuu wakaziba midomo. Yoramu akaiweka kamba chini, akainuka kwa taabu, akamkumbatia Benjamini kwa nguvu, naye alikuwa analia.

"Hatimaye! Nimengoja weee! Nilidhani Wanyamwezi wamekwisha duniani, wamebaki makarani watupu. Mla matobolwa mkubwa wewe! Njoo, njoo uone."

Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la udongo. Mzee akaondoa mlango wa mabati, na mwanga ukaingia kabla yao. Pijo ilikuwa imekaa humo, imefunikwa vumbi laini, magurudumu yamelala, taa zake mbili zinatazama mlangoni kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Rangi ya maziwa ilikuwapo. Benjamini akafungua mlango na harufu ikamjia usoni, nta na asali, ile ile ya ndotoni, mpaka akashika ukuta.

"Nyuki waliingia wenyewe," Yoramu akasema. "Wakajenga chini ya viti. Mafundi wamekuja hapa wakitaka injini, wakitaka milango, wakang'atwa wakakimbia. Walikuwa polisi wangu. Wamehama kiangazi hiki. Nilipoona wamehama nikajua mwenye mali yuko njiani."

"Mzee, hili gari ulilipataje?"

"Si ndiyo hongo yangu! Hawajakusimulia? Babu zako walipobeba pembe kwenda pwani, kwetu hawakupita bure. Nguo, shanga, jembe, lazima watoe kitu. Hiyo ndiyo hongo yenyewe, hongo ya njia, kabla hawa wa ofisini hawajalichafua neno. Utani wetu ulizaliwa hapo. Sasa Festo amekufa, anasafiri, anapita kwangu. Nitamwacha apite hivihivi? Nikaingia ndani walikokaa wanawake, nikamwambia mama yako, mumeo hajalipa hongo, nipe hilo gari. Na mje mlikomboe kwa kuku."

"Ufunguo ulikuwa na nani?"

"Na mama yako. Alinipa yeye mwenyewe kwa mkono wake."

Benjamini akageuza uso. Mzee hakuiona sura yake, akaendelea. "Alicheka siku ile! Nilimwigiza Festo anavyokimbia nyuki, akacheka mpaka akajifunika kanga. Akanirushia ufunguo, akasema chukua, mla mlenda, afadhali wewe kuliko mashemeji. Baadaye madaraja yakasombwa na mvua, nikasema watakuja barabara ikikauka. Akanitumia mfuko wa matobolwa, vile viazi vyenu vikavu, na dereva mwenzangu, na neno: kaa nalo kwanza, watu wakitulia nitakuja."

"Na kwa nini hukulileta mwenyewe?"

"Mtani alirudishe lisilokombolewa? Ningekuwa nimemfanya Festo mgeni kwangu."

Kwa hiyo alijua. Benjamini akakaa kwenye kiti cha dereva, mguu mmoja nje. Mama alijua tangu siku ya kwanza. Aliogopa. Mjane aliyecheka siku ya kumzika mumewe, akagawa na gari, mashemeji wangemfukuza na kanga aliyovaa tu. Hilo Benjamini alilielewa mara moja, na kulielewa hakukumpunguzia kitu. Yeye alitupwa ili mama abaki nyumbani. Akaegemeza kichwa kwenye usukani, akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi zake, na mzee Yoramu akasimama kando bila kuuliza, akimfukuzia inzi.

Alipotulia akasema, "Kuku sina, mtani. Nauli yenyewe ya kurudia sina."

"Babu zako walitoa nguo," Yoramu akasema. "Vua shati."

*

Mgogo yule hakukubali gari liondoke bila yeye. Akapatikana Shilinde, Msukuma mmoja aliyekuwa akienda Tabora na lori tupu kupakia tumbaku, naye akakubali kulibeba ilimradi asiambiwe alipakue peke yake. Wakaipakia Pijo kwa kuisukuma kutoka juu ya kichuguu kilicholingana na lori, nusu ya mtaa ikisukuma. Yoramu akakaa mbele amevaa shati la Benjamini juu ya shati lake. Benjamini akakaa nyuma, ndani ya Pijo iliyofungwa kamba juu ya lori, amebaki na fulana ya ndani. Ikawa safari ya ajabu. Amekaa kwenye usukani, gari limezima, na bado miti inapita, Nzega inapita, Puge inapita, ng'ombe wanageuza vichwa. Kuna wakati alisinzia akawa hajui kama anaendesha au anaendeshwa.

Walipofika Isevya jua lilikuwa bado juu. Majirani walikuja, jumuiya ikaja, mwenyekiti wao akiwa mbele, na gari likateremshwa kwa kelele nyingi mpaka mbele ya baraza. Consolatha alitoka na unga mikononi, akasimama kama amepigwa na radi. Benjamini akamvuta kando na kumweleza yote.

"Yaani mama alijua?" sauti ikampanda. "Alijua, akakuacha? Mwambie! Mwambie sasa hivi, mbele ya hao hao waliokutazama ukitoka na sahani!"

"Nyamaza kwanza, Conso."

"Sinyamazi! Wewe ulitaka ushahidi, si huo hapo?"

"Nyamaza, anakuja."

Mama Mektilda alikuwa ametoka barazani. Akashuka ngazi polepole, mkono mmoja ukutani, akalifikia gari. Hakushangaa hata kidogo. Alipitisha kiganja kwenye boneti, akakitazama kilivyojaa vumbi, akakipangusa kwenye kanga.

"Festo na barabara hizi za Sikonge," akanung'unika. "Mtu hajui kuosha gari."

Yoramu alikuwa ameshajipachika kiti cha mbele. Akatoa kichwa dirishani. "We mama! Hongo yangu imekombolewa kwa shati moja bovu! Wanyamwezi mmekuwa maskini kiasi hicho?"

Mama akamkazia macho. Watu wakangoja. Kisha, kutoka huko mbali alikokuwa, akafika. "Toka hapo, mla mlenda! Hicho ni kiti cha mke. Kaa nyuma na mizinga."

Yoramu akatoka haraka, huku akiruka na kujipiga mgongoni na shingoni, akimwigiza bwana nyuki anayekimbia nyuki. Mama akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, naye akakiziba mara moja kwa kanga, akaangaza huku na huku kwa hofu. "Mashemeji wasisikie," akanong'ona.

"Hawapo, mtani," Yoramu akasema kwa upole. "Wamebaki Puge. Cheka tu."

Basi akacheka. Alicheka kicheko chote alichokuwa amekifungia, mabega yakatikisika, meno machache yakaonekana, hata mwenyekiti wa jumuiya akajikuta anacheka bila kujua anacheka nini. Alipomaliza akafungua mlango wa mbele, akakaa, akapanga kanga magotini, akamgeukia mtu mwenye fulana aliyekuwa amerudi kukaa kwenye usukani.

"Dereva, twende."

Benjamini akamwangalia. Akasubiri jina lake. Macho ya mama yalimpitia usoni kwa heshima tu, kama anavyotazamwa dereva wa watu.

"Ndiyo, mama," akasema.

Akaushika usukani, akatia gia. Gari lilikuwa limesimama juu ya magurudumu yasiyo na upepo, mbele ya baraza lao wenyewe, na watu wamelizunguka. Mama akatazama nje ya dirisha, akiwatazama majirani kama anavyotazamwa mtu aliyesimama kando ya njia.

"Hapa tumefika wapi?"

"Tunaingia Puge, mama."

"Usisimame Puge."

"Sisimami."

Akavuta ile harufu ya nta. "Dereva, una watoto?"

"Ninao."

"Mimi ninaye kijana, Benjamini. Walimwita mwizi kwa ajili ya gari hili. Ufunguo nilitoa mimi. Nilikuwa nimecheka, nikaogopa. Walipomsema nikanyamaza, nikasema nitawaambia kesho. Halafu na mimi nikamsema." Alisema kwa sauti ya kawaida, na dirisha lilikuwa wazi. Consolatha alikuwa ameweka mikono yenye unga kichwani. "Mtoto hakuiba hata sindano."

Benjamini akamwinamia. "Yuko wapi sasa, mama?"

"Alitoka tukiwa tunaimba. Alikuwa na sahani mkononi. Hajarudi." Akamshika mkono juu ya gia, mkono mkavu, mwepesi. "Wewe unapita njia nyingi. Ukimwona, mwambie gari limeonekana. Mwambie mama yake amesema arudi nyumbani."

"Nitamwambia."

"Usisahau. Siku hizi watu wanasahau sana."

"Sitasahau, mama."

Akaridhika. Kisha akaiona ile fulana, akaguna, akavua kanga yake ya juu na kumfunika mabegani, akaibana vizuri shingoni kama mtu anayemvalisha mtoto aende shule. "Dereva gani anasafiri kifua wazi? Haya, twende. Lakini endesha polepole. Huenda yuko hapo mbele, anatembea kwa miguu."

Benjamini akatia gia, akaendesha polepole.